Umefikia kwa Nani? Njia za Mtu wa Kudha, kutoka Bandari ya Lamu hadi Viza ya Mwanzilishi

Zama za vyombo vya tanga, mtu wa Kudha aliyetaka kwenda Lamu kutafuta maisha alihitaji vitu viwili: upepo na jina la mtu. Upepo ulikuwa wa Mwenyezi Mungu. Kaskazi ilipovuma, tangu Disemba hadi mwezi wa tatu, chombo kilishuka kusini bila taabu, na kusi iliposhika kilirudi. Jina la mtu lilikuwa kazi ya ukoo. Kijana aliposhuka bandarini na furushi lake aliulizwa, "Umefikia kwa nani?" Akimtaja mtu anayefahamika mtaani, mambo yake yalikuwa yamekwisha. Alipata pa kulala, alipata wa kumpeleka kwa mwenye duka, na siku akichukua bidhaa kwa mali kauli, mwenyeji wake ndiye aliyesimama mbele ya mwenye mali. Asiyekuwa na jina la kutaja alilala chomboni.

Siku hizi njia hiyo ina majina mengine. Mhitimu wa chuo kikuu aliyetoka nchi ya mbali, akitaka kubaki Uingereza afungue biashara yake, huomba viza ya mwanzilishi, na ndani ya fomu zake mna swali lilelile la bandarini: nani anakudhamini? Nimeifuata historia ya swali hili kupitia kisiwa kimoja kidogo kwa sababu Kudha imelionja kwa kila sura. Imetawaliwa kwa jina la Sultani wa Zanzibar, kisha Waingereza, Waitaliano, Jamhuri ya Somalia, wanamgambo, na sasa Jubaland. Kila bendera ilipobadilika, mtu wa Kudha alizidi kupata taabu kulijibu.

Kudha ni kimoja katika mnyororo wa visiwa vinavyoambaa pwani kutoka Kismayu kuelekea Ras Kiamboni, mpakani na Kenya. Ndugu zake ni Koyama, Ngumi, Chovae, Chula na Mdoa. Wenyeji wake ni Wabajuni, wanaoitwa pia Watikuu, na jamaa zao wa damu wako Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu na Kiunga, upande wa Kenya. Kiswahili chao kina ch mahali pengi ambapo wengine tuna t, kwa hiyo watu, kwao, ni wachu. Naomba msomaji aikumbuke sauti hiyo. Itakuja kutajwa mbele ya mahakimu, maelfu ya maili kutoka Kudha.

Elimu yao kubwa ilikuwa ya bahari, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji. Tazama uvuvi wa kasa kwa chazo. Chazo ni samaki mwembamba mwenye kibandiko utosini, ambacho kwacho hujishikiza kwa papa au kasa akasafiri naye bila nauli. Mvuvi wa Kibajuni alimkamata akiwa hai, akamfunga uzi penye shina la mkia, akamweka majini ubavuni mwa mtumbwi. Alipomwona kasa ameibuka kuvuta pumzi, alimwachia chazo. Samaki alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gamba, akabana. Hapo mvuvi alianza kuvuta, akilegeza na kukaza, kwa maana ukivuta kwa pupa chazo huachia, na ukizubaa kasa huzama miambani. Ujuzi kama huu hauelezeki kwa maneno. Baba alimtia mtoto uzi mkononi, akanyamaza. Magamba ya ng'amba yaliyopatikana yalikuwa mali ya thamani, yakauzwa pamoja na papa mkavu, kauri na boriti za mikoko, na mengi yalisafiri kwa vyombo vilivyoundwa na Wabajuni wenyewe, ikiwemo mitepe, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ya mwisho ilionekana baharini katika miaka ya 1930.

Kwa hiyo kijana wa Kudha hakufika Lamu mikono mitupu. Alikuwa na ujuzi ambao mwenye fedha aliuhitaji. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mwenye fedha, "Huyu namjua." Mwenyeji ndiye aliyeziba pengo hilo, na ndiyo maana nasema utaratibu wa mwenyeji ulikuwa taasisi kamili, ingawa haukuwa na ofisi wala muhuri.

Mfano mkubwa kuliko yote wa mgeni aliyekuja kusoma akabaki kuanzisha jambo uko Lamu kwenyewe. Saleh bin Alwi Jamalilail, ambaye pwani nzima inamwita Habib Saleh, alitoka Ngazija akiwa kijana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alifikia kwa jamaa zake, akasoma, akawa mwalimu. Wakati darsa za Lamu zilikuwa za watu wa nasaba, yeye alifungua mlango kwa watumwa na wanyonge. Kutokana na darsa hizo ilizaliwa Riyadha, msikiti na chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pembe zote za pwani. Alichoanzisha hakikuwa duka, lakini namweka katika historia hii bila kusita, kwa sababu njia yake ndiyo ileile: mgeni, mwenyeji, kisomo, kisha kitu kipya ambacho mji haukuwa nacho kabla hajafika. Hakuna aliyemdai karatasi. Watu walimpima kwa kukaa naye.

Karatasi zilikuja pamoja na mipaka. Mwaka 1875 Khedivu Ismail wa Misri alituma manowari zikaiteka Kismayu, zikakaa miezi michache, Uingereza ikambana akaziondoa. Sultani wa Zanzibar akarudishiwa mji wake. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua eneo lililokuwa la kampuni ya Imperial British East Africa, na Kismayu ikawa makao makuu ya Jimbo la Jubaland. Kwa miaka 30 hivi mtu wa Kudha na mtu wa Faza walikuwa chini ya serikali moja, na safari kati yao ilikuwa safari ya ndani ya nchi.

Kilichowatenganisha kilipangwa London, na sababu yake haikuhusu Afrika. Mwaka 1915 Uingereza na Ufaransa ziliiahidi Italia fidia ya ardhi iwapo ingeingia vitani upande wao. Vita vilipokwisha Italia ilidai ahadi yake. Mkataba ulitiwa saini tarehe 15 Julai 1924, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa. Waitaliano waliiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, na mwaka 1926 wakaiunganisha na koloni lao la Somalia. Mpaka mpya ulishuka hadi baharini karibu na Ras Kiamboni. Kudha ikabaki kaskazini yake, Kiunga kusini. Shangazi akawa nchi moja na mpwa nchi nyingine.

Baharini hakukujengwa ukuta, na Wabajuni waliendelea kuvuka. Mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli, ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu wavuvi hawa kilitoka mwaka 1955, aliwakuta wakiishi kwa bahari ileile na ujuzi uleule. Ila msingi ulikuwa umeshalegea. Kenya ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwavisha wanaume Waafrika kipande cha utambulisho tangu 1920 hivi, na mahali penye kipande neno la mwenyeji hupungua uzito. Karani haulizi umefikia kwa nani. Huuliza karatasi yako iko wapi.

Uhuru uliongeza uzito wa swali hilo. Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960, Kenya tarehe 12 Disemba 1963, na mara vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikalipuka katika Jimbo la Kaskazini-Mashariki vikafika pwani. Vijiji vya Wabajuni kaskazini mwa Lamu vilihamwa. Watu wakakimbilia visiwani, wengine Mombasa na Malindi. Tangu wakati huo Mbajuni wa Kenya amebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba si Msomali, na Mbajuni wa Somalia mzigo wa kuthibitisha kwamba ni Msomali. Mtu mmoja, lugha moja, mashaka mawili yanayopingana. Sijui jamii nyingine ya pwani iliyokamuliwa hivyo kutoka pande zote.

Upande wa Somalia, serikali ya Siad Barre iliipa lugha ya Kisomali maandishi rasmi mwaka 1972, ikaifanya lugha ya shule. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwa taifa, lakini mtoto wa Kudha alijikuta akianza darasa la kwanza kwa lugha ya pili. Baada ya ukame wa 1974 na 1975 serikali ilihamishia wafugaji wengi pwani, katika miji kama Barawa, wafundishwe uvuvi katika vyama vya ushirika. Yaani taifa liliamua kuzalisha wavuvi wapya wakati lilikuwa na visiwa vizima vya watu waliozaliwa na nyavu mikononi. Mtu mwenye ujuzi anaweza kukosa mdhamini hata ndani ya nchi yake.

Januari 1991 serikali hiyo ilianguka, na visiwa vikabaki bila mlinzi. Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye bunduki. Wanamgambo walipora vyombo, mashine na nyavu, na watu wakapanda kile kilichobaki wakafuata njia ya zamani: Kiunga, Lamu, Mombasa. Wengi waliwekwa katika kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi za pwani zilifungwa. Baadhi walirudishwa Somalia, baadhi wakapelekwa Kakuma na Dadaab, na waliobaki wakapotelea mitaani kwa jamaa. Hapo, pengine kwa mara ya mwisho kwa ukubwa huo, utaratibu wa mwenyeji ulifanya kazi yake. Mtu wa Chula alipokewa na mtu wa Kizingitini kwa kutajiana majina ya mabibi.

Lakini mwenyeji wa 1995 hakuwa na nguvu za mwenyeji wa 1895. Aliweza kukupa chumba. Hakuweza kukupa kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna leseni ya biashara, hakuna akaunti ya benki, na baadaye hakuna laini ya simu ya kupokelea pesa. Anayeuza samaki sokoni chini ya jina la mwingine anafanya biashara kweli, ila biashara si yake. Ikikua, inakua kwa jina lisilo lake. Akigombana na mwenye jina, hana pa kushtaki.

Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Uingereza, wakaomba hifadhi. Huko swali la bandarini lilipata sura ambayo babu zao wasingeiamini. Wapo watu wa Mombasa na Lamu waliojidai Wabajuni wa Somalia ili wapate hifadhi, na wakuu wa uhamiaji walilijua hilo. Kwa hiyo kila aliyesema ametoka Kudha au Koyama alipaswa kuthibitisha kwa ulimi wake. Je, anasema wachu au watu? Anavijua visiwa kwa mpangilio wake kutoka kaskazini? Anajua maji ya kunywa hupatikanaje kisiwani, samaki gani huvuliwa msimu gani, nani alikuwa mzee wa kijiji?

Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo, unaojulikana kwa herufi KS, juu ya jambo hilihili: uwezo wa kusema Kibajuni. Baraza lilisema lugha ni kipimo muhimu lakini kisiwe peke yake. Mwombaji atazamwe pia Kisomali chake, kulingana na maisha aliyopitia, pamoja na ujuzi wake wa maisha ya visiwani. Ni uamuzi wa busara, na nautaja kwa heshima, kwa sababu kijana aliyebebwa mgongoni kutoka Kudha akiwa na miaka miwili akakulia Mombasa atasema Kiswahili cha Mombasa. Hilo halimfanyi mwongo. Ndivyo vita vilivyofanya.

Waombaji wengi walipimwa kwa simu. Kampuni ya Sprakab ya Sweden ilirekodi mazungumzo na kutoa ripoti ya lugha, ikisema mtu huyu bila shaka ametoka hapa au hakutoka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilizipitia ripoti hizo katika kesi ya waombaji wawili waliosema wametoka Somalia. Ilikubali zitumike, ikaonya kwamba mchambuzi wa lugha asivuke mipaka ya utaalamu wake akaanza kuamua nani ni mkweli. Derek Nurse, mtaalamu wa isimu aliyeitafiti lahaja ya Kibajuni kwa miaka mingi, ameacha maelezo marefu ya lugha hiyo na watu wake. Kwa hiyo sauti ya ch iliyokuwa mambo ya nyumbani sasa imo katika majalada ya mahakama.

Wakati hayo yakiendelea, nchi hizohizo zilikuwa zinawafungulia mlango wahitimu wa kigeni wenye mawazo ya biashara. Aprili 2012 Uingereza ilianzisha viza ya mhitimu mjasiriamali, nafasi 1,000 kwa mwaka wa kwanza. Chuo chenyewe ndicho kilichopewa kazi ya kumdhamini mwanafunzi wake kwamba wazo lake ni la kweli. Machi 2019 ikaja viza ya Start-up, ya miaka miwili, pamoja na ya Innovator iliyodai pauni 50,000. Aprili 2023 zote mbili zikaunganishwa kuwa Innovator Founder: sharti la pauni 50,000 likaondolewa, lakini taasisi ya kudhamini ikabaki palepale, na baada ya miaka mitatu mtu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Majina yalibadilika mara mbili ndani ya miaka kumi na moja. Kitu kimoja hakikubadilika: lazima awepo anayesema, "Huyu namjua."

Kanada ilianza yake Aprili 2013. Mwombaji alihitaji barua ya mdhamini aliyeidhinishwa: mfuko wa uwekezaji ulioweka angalau dola 200,000 za Kanada, au kundi la wawekezaji binafsi kwa dola 75,000, au kituo cha kulea biashara changa, ambacho hakikutakiwa kuweka fedha. Marekani nayo ilichapisha kanuni ya wajasiriamali wa kigeni tarehe 17 Januari 2017. Siku 10 baadaye rais mpya alitia saini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, na Somalia ilikuwa mojawapo.

Sasa mweke kijana wa Kudha mbele ya milango hiyo. Ana kichwa kizuri, anajua bahari, anataka kusomea biashara ya samaki na kurudi na mashine ya barafu. Mashine ya barafu ndiyo inayotenganisha umaskini na riziki kisiwani: pasipo barafu, samaki lazima akatwe, atiwe chumvi, aanikwe awe ng'onda, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Penye barafu mvuvi anaweza kusubiri. Kijana huyu, ili afike kwenye viza ya mwanzilishi kwa njia ya masomo, lazima kwanza awe mwanafunzi wa kigeni, na ili awe mwanafunzi wa kigeni lazima awe na pasipoti inayokubalika. Kwa miaka mingi Kanada imeiweka pasipoti yoyote inayodaiwa kutolewa na Somalia katika orodha ya hati isizozitambua kwa wageni wa muda. Amekwama kabla hajaulizwa juu ya biashara yake.

Akiwa mwomba hifadhi Uingereza, hali si nafuu. Vyuo vingi humhesabu mwanafunzi wa kigeni kwa upande wa ada, lakini haruhusiwi kujiajiri, na mkopo wa serikali wa masomo hapati. Analipa kama mgeni bila kupata njia ya mgeni. Hifadhi ikikubaliwa, mambo hugeuka siku hiyohiyo: anaweza kufanya kazi na kufungua duka bila viza yoyote ya mwanzilishi. Kati ya siku ya kuomba na siku ya kukubaliwa hupita miaka, na ujana haungoji.

Hata hivyo iko njia moja, nyembamba lakini ya kweli, na ningependa kila mzazi Mbajuni aliye Kenya aijue. Tangu 1978 shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwachukua vijana wakimbizi kwenda kusoma vyuo vikuu vya huko, na Dadaab na Kakuma zimo katika mpango huo. Gharama zao huchangiwa na wanafunzi wenzao wa Kanada, ambao hulipa kiasi kidogo juu ya ada zao kila mwaka, kisha kamati ya wanafunzi humpokea mgeni, ikamtafutia chumba na kumwonyesha mji. Mkimbizi huyo hufika akiwa tayari mkaazi wa kudumu. Akihitimu na kutaka kuanzisha kampuni, hahitaji mfuko wala barua ya mwekezaji. Mlango uliofungwa kwa mwenye pasipoti ya Somalia umefunguliwa kwa asiyekuwa na pasipoti kabisa.

Soma tena namna anavyopokewa. Vijana wasiomjua wanachanga, wanasimama kwa niaba yake, wanampa pa kulala, wanamtembeza mtaani. Huyo ndiye mwenyeji wa Lamu. Katika njia zote nilizozitaja, hii ndiyo inayofanana zaidi na ile ya babu yake, na naamini ndiyo sababu imedumu karibu nusu karne wakati viza za wajasiriamali zinazaliwa na kufa. Masharti yake lakini ni magumu: uwe umesajiliwa mkimbizi, uwe umemaliza sekondari kwa alama za juu, na nafasi ni chache mno. Wabajuni waliopotelea mitaa ya Mombasa baada ya kambi kufungwa wengi hawamo katika daftari lolote.

Nimeacha mlango wa karibu hadi mwisho, kwa kuwa ndio unaoniuma. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 13 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda nchi nyingine mwanachama, kuanzisha shughuli ya kiuchumi na kuiendesha, kwa kujiajiri au kwa kampuni. Somalia ilikubaliwa kujiunga Novemba 2023, ikatia saini Disemba, na tarehe 4 Machi 2024 ikawa mwanachama kamili. Kwa maandishi, miaka 99 baada ya mpaka wa Jubaland, Kudha na Lamu zimerudi katika nyumba moja.

Pima uzito wa jambo hilo. Mgeni wa kawaida anayetaka kibali cha daraja G kufanya biashara Kenya lazima aonyeshe mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Hakuna mtoto wa Kudha mwenye fedha hizo. Itifaki ingemtoa katika kundi la mgeni wa kawaida. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imekwenda mbali zaidi: mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya anaruhusiwa kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili afaidi haki za Jumuiya. Ilipopitishwa, Somalia haikuwamo. Leo imo, na kifungu kile kinamhusu kila Mbajuni mwenye kadi ya ukimbizi Kenya.

Kwa wanaofikiria kukitumia nina neno moja, na nalisema kwa dhati. Usirudishe hadhi ya ukimbizi kabla hujashika mkononi pasipoti ya Somalia na kibali cha Kenya chenye jina lako, na kabla hujaonana na wakili wa wakimbizi. Hadhi ya ukimbizi ni kinga dhidi ya kurudishwa vitani, na Kudha yenyewe ilipiganiwa na majeshi ya Jubaland na Al-Shabaab mwishoni mwa 2014. Biashara ikianguka utaanza nyingine. Kinga ikikutoka, kuipata tena ni kazi.

Serikali mbili zina deni hapa. Mogadishu ilizindua mamlaka yake ya vitambulisho vya taifa, NIRA, mwaka 2023. Wasajili wake wafike Kudha, Chula na Koyama kwa mashua, na wawe na mtu anayesema Kibajuni, ili mzee wa kisiwani asigeuzwe mgeni kwa kutojua Kisomali vizuri. Nairobi nayo iliondoa mwaka 2025 sharti la idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya kwa karibu Waafrika wote. Nchi mbili ziliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya na Somalia. Hofu ya usalama naielewa. Lamu imezika watu wake kwa mashambulizi. Lakini iundwe basi njia ya kumchuja mtu mmojammoja. Wazee wa Kibajuni wa Faza, Kizingitini na Kiunga wapewe nafasi ya kisheria kumtambulisha jamaa yao wa ng'ambo mbele ya afisa wa uhamiaji, kwa jina na kwa dhamana. Kazi hiyo wameifanya kwa karne nyingi, na bado wanayakumbuka majina ya mabibi.